Kovu la Kidole Gumba

14 Septemba

Mdogo wangu Kasuku,

Dereva wa basi ameniambia alikushusha salama mbele ya geti la chuo, na kwamba hukunyamaza njia nzima, hata na barakoa mdomoni. Basi nikajua hujambo. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi haujambo. Simu yake bado anaipokea kwa spika, mtaa mzima unasikia, ndiyo maana nakuandikia na kumpa dereva. Barua haina spika.

Cherehani yangu imepata likizo. Vyuo vilipofungwa nilishona barakoa mpaka nikaziota. Sasa kila mtu anazo tano na hakuna anayetaka ya sita. Nimerudi kwenye sare za shule, na kila nikikata kola nakumbuka zako, ulivyokuwa ukizitafuna.

Kitanda chako nimekichukua. Usinune. Kipo dirishani, na miaka yote hiyo nililala upande wa ukuta ili wewe upate mwanga wa kusomea. Sasa mwanga ninao, cha kusoma sina. Watu wakipita mlangoni wananiuliza, "Mwanachuo ameshaondoka?" Hakuna anayeuliza Fundi yuko wapi, maana Fundi yuko palepale. Sikufichi, roho inaniuma. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Mimi nimekungoja mpaka shingo imekakamaa.

Jambo moja. Ukipata mafua au kichwa kikikuuma, usikimbilie zahanati ya chuo. Penye wagonjwa ndipo penye ugonjwa. Kunywa maji ya moto, lala. Hiyo kadi yako ya bima itunze tu begini, si lazima kitu kitumike kwa sababu kipo.

Mama anakusalimu, anasema ule.

Dada yako,
Fundi

2 Oktoba

Dada Fundi, shikamoo.

Barua yako nimeipata ikiwa imekunjwa mara nane, dereva aliiweka kwenye soksi. Mwambie mama nakula. Mwambie pia apunguze chumvi, magoti hayapendi chumvi, ingawa najua atasema mimi si daktari.

Chuo kimebadilika. Chumba cha vitanda vinne sasa tunalala wawili, na sakafuni wamepaka mistari ya rangi kutuonyesha mtu asimame wapi. Tunasomea kwenye ukumbi uliofunguliwa madirisha yote, upepo unabeba karatasi, mwalimu anapiga kelele ndani ya barakoa na hakuna anayesikia, lakini wote tunaitikia kwa vichwa.

Kitanda chukua. Lakini na mimi nikwambie langu. Kila nikipiga simu nyumbani mama anaanza na wewe. Dada yako kashona hivi, dada yako kaamka mapema, dada yako hali vizuri siku hizi. Mimi naulizwa kama nimekula, basi. Wewe unapata mama mzima kutwa, mimi napata dakika tatu za spika, na ndani yake dakika mbili ni habari zako. Kwa hiyo tusidanganyane nani anamwonea nani wivu.

Halafu nina kikohozi, siku ya nne sasa. Ngazi za maktaba zinanitoa pumzi. Kesho naenda zahanati. Ni lazima hata hivyo, maana tangazo limebandikwa: kila mwanafunzi akahakikishe bima yake, na asiye na bima halali haruhusiwi kulala bwenini mpaka ugonjwa huu uishe. Mimi kadi ninayo, niogope nini?

Na kwa nini unasema nisiitumie? Si wewe uliyekuwa ukiniambia kadi hiyo ni dhahabu?

Mdogo wako,
Kasuku

11 Oktoba

Kasuku wangu,

Dereva aliwekwa karantini, barua yako ikakaa naye siku saba. Kwa hiyo nikikwambia sasa usiende zahanati, nadhani nimechelewa. Natumaini hukwenda. Natumaini kikohozi kilikuwa cha vumbi.

Huku salama. Mama amepunguza chumvi siku moja, ya pili akasema chakula kinalia. Jirani yetu muuza vifungo amefungua tena duka, amefunga kamba mlangoni, mteja anaonyesha kifungo kwa fimbo.

Nina habari. Keti kwanza. Nimepata nafasi chuo cha ufundi, mafunzo ya ualimu wa ushonaji, naanza Januari. Mimi! Nimeisoma barua yao mpaka mikunjo imeanza kukatika. Wanatoa vitabu, wanatoa kitambulisho, na nitasajiliwa bima. Nitakuwa na kadi yangu, yenye jina langu na picha yangu, sura nzima. Mama amelia. Nilifikiri nitafurahi zaidi kumwona analia kwa ajili yangu, kumbe nilikuwa nahesabu kama amelia zaidi ya siku uliyoitwa wewe. Ndivyo nilivyo, nivumilie.

Wanataka barua ya tabia njema kutoka serikali ya mtaa, na mtu asiwe na kesi wala doa popote. Nimeshaipata.

Ulikwenda au hukwenda? Nijibu upesi.

Dada yako,
Fundi

25 Oktoba

Dada, shikamoo.

Hongera kwa nafasi. Mama hajambo? Magoti je? Cherehani? Na kidole gumba chako cha kulia, kile kilichopitiwa na sindano ulipokuwa unanishonea sare ya kidato cha kwanza, kinaendeleaje? Nakumbuka sindano ilikatikia ndani na muuguzi akaichimbua. Lile kovu bado lina matawi mawili, kama njia panda?

Nauliza kwa sababu nimeliona.

Nilikwenda zahanati, foleni ya bima ikanirudisha mpaka tarehe 17. Karani wa bima akaniambia niweke kidole kwenye kimashine. Kikawaka nyekundu. Nikanawa, nikajifuta, nikaweka tena. Nyekundu. Akasema, "Binti, wewe si mwenye kadi hii." Nikashusha barakoa nimwonyeshe uso wangu na picha. Akasema picha si hoja siku hizi, watu wote wana macho tu, ndiyo maana wameanza kuchukua alama za vidole. Akanigeuzia kompyuta. Alama yangu ilisajiliwa mwezi wa tano, hospitali ya mjini kwetu. Eti nililazwa siku sita wodi ya wagonjwa wa ugonjwa huu, nikawekewa hewa ya mtungi. Na kidole kilikuwepo kwenye kioo, kikubwa kama sahani, na kovu limekipasua katikati.

"Unamfahamu mtu huyu?"

Nikasema simfahamu.

Mwezi wa tano mimi nilikuwa nyumbani nikifua mashuka. Mliniambia wewe umekwenda kiwandani kushona barakoa, na kwamba mafundi wanalala hukohuko.

Wamenipima, ninao ugonjwa. Nimewekwa chumba cha karantini nyuma ya bweni, chini kabisa, dirisha la tatu kutoka kwenye ngazi. Matroni ananipa vidonge na maji ya moto, anajitahidi maskini. Daktari anataka nipigwe picha ya kifua na nilazwe, lakini hospitali haipokei kadi inayokataa kidole cha mwenyewe. Nimepewa mpaka tarehe 15 Novemba. Aliyeweka kidole aje mwenyewe akiri kuwa ni chake, la sivyo bima inafutwa, na bila bima natoka bwenini na mwaka wangu umekwisha.

Mama sijamwambia. Ana spika.

Mwanachuo

3 Novemba

Mdogo wangu,

Barua imefika. Mama hajambo. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Muuza vifungo amepata mjukuu wa kiume, ana masikio ya babu yake.

Pole kwa homa. Mashine huharibika. Cherehani yangu siku nyingine inaruka mishono bila sababu, sembuse kidude cha kubonyezwa na vidole vya watu wote. Na makovu yapo mengi duniani. Waambie wakupime upya.

Unauliza habari za kidole? Haya, habari ndiyo hii. Siku sindano iliponipita nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwezi mmoja baada ya kumzika baba, na chini ya godoro langu kulikuwa na barua ya kuitwa chuo kikuu. Nilikuwa nimeitwa nikasomee uchoraji wa ramani za majengo. Wewe hukuijua barua hiyo. Mama aliijua. Tuliketi jikoni tukasema mmoja asome, mmoja ashone, na anayejua kushona ni mmoja tu. Nikaketi kwenye cherehani nikakata kola yako. Nilikuwa naangalia kola, machozi yakanizuia kuona sindano. Hiyo ndiyo habari ya kidole.

Umewahi kujiuliza mimi nikiumwa natibiwa wapi? Wewe ukipiga chafya kuna daktari, kuna dirisha la dawa, kuna mtu anayekuandika jina. Mimi nikikohoa nafungua dirisha. Unaona kijicho cha dakika za simu! Ningekupa spika na mama na magoti yake, unipe mwaka mmoja tu wa kuitwa kwa jina na mtu aliyevaa koti jeupe.

Januari naanza. Sijawahi kuomba kitu kingine.

Usimuulize mama. Nakwambia tena, mama usimuulize chochote.

Kunywa maji ya moto.

Dada yako

8 Novemba

Dada, shikamoo.

Ulipoandika mara mbili nisimuulize mama, nikajua pa kuuliza.

Nilimpigia asubuhi. Nikamwambia niko wapi na naumwa nini. Nikamuuliza nani aliichukua kadi. Nikasikia akizima spika. Tangu nipate akili sijawahi kuongea naye kwenye simu bila spika ile. Kisha akasema, "Mwanangu, angekufa. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Wewe ulikuwa uani unafua, begi lako lilikuwa nyuma ya mlango. Nyote mmechukua macho yangu, mengine barakoa ikafunika."

Kwa hiyo si wewe. Nilikuwa nimekulaani wiki tatu, dada, na laana zangu unazijua zilivyo ndefu. Nazirudisha zote. Na ile barua ya chini ya godoro sikuijua, naapa. Nimeisoma habari yake mara tatu.

Lakini na mimi nina la kwangu, nikilimeza litanisonga kuliko hiki kikohozi. Siku zile sita mama alikuwa akiamka, anajifunga kitambaa, ananiambia anakwenda kununua uzi. Kila siku uzi. Nikawa nashangaa, uzi wa nini na fundi hayupo? Kumbe alikuwa anakwenda kusimama chini ya dirisha la wodi yako. Magoti yale yale. Ameniambia mwenyewe, alikuwa anasimama mpaka unainua mkono, ndipo anarudi.

Mimi niko hapa siku ya ishirini na tatu. Dirisha langu linatazama ukuta wa jiko la chuo. Hakuna mtu chini yake. Kadi sikuhesabu kitu, dada, mngeniomba ningewapa, na ningekusindikiza mwenyewe na kusema uongo kuliko nyote. Hamkuniomba. Mlikula njama wawili mama na wewe, mkaniacha nafua. Nina wivu wa lile dirisha. Hapo ndipo panaponiuma, sina maneno mazuri ya kupafunika.

Nimewaandikia maelezo kwamba sijui kidole ni cha nani. Nitaendelea hivyo hivyo mpaka tarehe 15 ipite. Ukija kukiri kuwa ni chako, doa litaingia kwenye jina lako na Januari yako itakwenda. Nimekwisha soma miaka miwili, wewe hujasoma hata siku moja. Usije.

Hatua kumi tu kwenda chooni napumua kama niliyekimbizwa. Nikipona nitarudi nyumbani, utanifundisha kola.

Mdogo wako,
Kasuku

13 Novemba

Kasuku,

Hujambo? Naandika kwa adabu tu, maana nimeshamuuliza matroni wako naye ameniambia hukulala vizuri na uji umeuacha nusu. Mimi sijambo. Mama nimemwacha hajambo. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya bweni lenu, goti langu ndilo meza, usicheke mwandiko.

Mama hakukwambia yote kwa sababu yote hayajui. Ile siku ya kwanza kidole changu hakikusomeka. Nilikuwa na jasho, natetemeka, mtu mwingine ndiye aliyenishika mkono. Kimashine kikaandika alama irudiwe. Nikapona, nikatoka, na kadi mama akairudisha begini mwako. Mambo yangeishia hapo, Kasuku. Hapo kidole chako kingekubalika bado.

Wiki tatu baadaye nikarudi. Nilikuwa mzima kama wewe unavyonijua. Niliitoa kadi mwenyewe, nikamwambia mama nakwenda kununua vifungo. Nilirudi kwa sababu ya muuguzi mmoja wa wodi ile. Alikuwa akiniita mwanachuo. Kila akija kunipima alikuwa akisema, "Mwanachuo, umeamkaje? Masomo yanakungoja." Siku hiyo akanifurahia, akaniuliza nasomea nini. Nikamwambia nachora ramani za majengo. Jina lilikuwa lako, somo likawa langu. Tukaongea robo saa, akaniuliza nitajenga nini kwanza, na mimi nikamjibu! Nilikuwa na jibu tayari, miaka yote hiyo.

Halafu karani akaniita. "Alama yako haikukaa vizuri, turudie?" Ningeweza kusema nina haraka. Nilinawa mikono, nikaikausha kwa upindo wa gauni, nikabonyeza polepole mpaka ikawaka kijani. Nilitaka iwe yangu. Mara ya kwanza ilikuwa mama na homa. Mara ya pili ilikuwa mimi na wivu, na wivu ndio uliokufungia mlango. Barua zote nilizokuandikia nilikuwa nakwepa sentensi hiyo moja.

Ukaniandikia nisije. Umelala huna pumzi, unanigawia Januari. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, mama amekuwa akituimbia hivyo tangu utotoni, na mimi nilidhani ni maneno ya kunyamazisha ugomvi wa kitanda.

Leo asubuhi nimefika ofisi ya bima kabla mlinzi hajafungua. Nimesema kidole ni changu na kadi niliitoa begini mwenyewe, mara zote mbili. Usije ukanisahihisha, mama abaki na magoti yake tu. Wameniwekesha kidole, kikawaka kijani. Nimeandika maelezo kurasa mbili, nikatia sahihi kwa jina langu. Kisha akaifuta alama mbele yangu. Niliona kovu langu likitoweka kwenye kioo.

Karani anakuja alasiri hii na kimashine chake mpaka mlangoni kwako, achukue kidole chako. Daktari ameshapiga simu, gari la hospitali litakuja kesho asubuhi, utapigwa picha ya kifua na utalazwa kwa kadi yako. Weka kidole kikavu.

Mimi nimefungiwa bima yoyote kwa miaka miwili, na chuo cha ufundi hakimpokei asiye na bima. Kwa hiyo Januari itanikuta palepale, kwenye kitanda cha dirishani, ambacho sikirudishi hata upate shahada tatu. Nisikudanganye kwamba nimetulia. Nilipopita ukumbini kwenu nikaona zile meza, na msichana mmoja amesinzia juu ya kitabu, roho ikaniuma upya. Nilitaka kumwamsha nimwambie kama hakitaki anipe.

Lakini nimehesabu madirisha. La tatu kutoka kwenye ngazi, linalotazama ukuta wa jiko. Matroni amekubali kuniazima kigoda. Nitakaa hapa leo mpaka wanifukuze, na kesho nitalifuata gari nikatafute dirisha la wodi. Mama nimemwambia nakwenda kununua uzi.

Ukimaliza kusoma inuka taratibu, shika ukuta. Kioo kipo katikati yetu, hakuna wa kumwambukiza mwenzake. Shusha barakoa, Kasuku, nikuone mdomo. Macho hayo hata mimi ninayo.

Dada yako,
Fundi